Pikipiki Isiyo na Riba

Nataka kuwasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Sisemi kwa kujisifu, wala kwa kumsengenya mtu, bali kwa kuwa naziona jamaa nyingi zikilielekea shimo lile lile ambalo mimi nililiponea kwa bahati.

Mimi ni mwalimu hapa Nyabiondo. Mwaka 2019, katika likizo kubwa, nilishuka Goma, safari ya kilometa 100 hivi, nimekaa nyuma ya motari kupitia Masisi na Sake. Mfukoni nilichukua dola 310. Ilikuwa akiba ya mwaka mzima, niliyoiweka pamoja na mke wangu kwa fedha ya mshahara, ya maharagwe ya shamba na ya mafuta ya mawese anayouza sokoni. Fedha ile ilikuwa na kazi yake: binti yetu mkubwa alikuwa akiingia miaka minne ya mwisho ya sekondari, nami nilitumwa kumlipia shule na mahali pa kulala.

Nikipita mjini niliona duka lenye pikipiki mpya zimepangwa mlangoni, zikimeta kama vyombo vya altare siku ya Pasaka. Juu yake palikuwa na tangazo: chukua leo, lipa kidogo kidogo kwa miezi 24, bila riba. Nikasimama.

Yafaa niseme kweli. Sikuitaka pikipiki kwa kazi. Shule yetu iko hatua chache toka nyumbani. Niliitaka kwa furaha tu: Dominika baada ya Misa nimpakie mama watoto, twende kuwazuru wakwe, na siku moja tufike kwenye maziwa ya Mokoto, penye monasteri ya Watrapisti, ambayo tangu ujana namwahidi kumwonyesha. Furaha ya namna hiyo si dhambi. Mwenyezi Mungu hakutuumba tuwe kama ng'ombe wa kazi.

Mwenye duka akanieleza kwa upole. Nitoe dola 300 leo, kisha dola 50 kila mwezi mpaka miezi 24 iishe. Riba hakuna hata senti moja. Moyo wangu ukaruka. Wakati ule ule akaingia mzee mmoja, akauliza bei ya pikipiki kama ile ile, akaambiwa 1,200. Akahesabu noti zake, akalipa, akaondoka nayo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mafungu yangu yote yalifika 1,500. Nikauliza, "Mbona mzee huyu amelipa 1,200?" Akanijibu, "Yeye amelipa taslimu. Wewe wapewa muda." Nikauliza tena, "Na mwezi nikichelewa?" Akasema pikipiki itarudi dukani, na fedha niliyokwisha kutoa haitarudi, hati zake nazo zitabaki kwake hadi fungu la mwisho. Nikasema nitamwuliza mama watoto kwanza. Akacheka, akasema, "Mwalimu, nani mume nyumbani kwako, wewe au yeye?"

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma kuliko mwiba. Nilishika kalamu. Kidogo tu nitie sahihi, si kwa kuwa hesabu ilikuwa njema, bali kwa kuona haya mbele ya mtu nisiyemjua. Nashukuru niliiweka chini, nikasema nitarudi kesho.

Usiku ule, kwa ndugu yangu, nilichukua karatasi. Kama bei ya kweli ni 1,200, nami natoa 300, basi ninachokopeshwa ni 900. Lakini nitarudisha mara 24 dola 50, yaani 1,200. Kwa kila dola 3 nilizokopeshwa, nitarudisha 4. Ni kama kulipa dola 2 na nusu kila mwezi juu ya kila dola 100 ambayo bado nadaiwa. Riba ilikuwapo tangu mwanzo. Ilivikwa tu nguo ya bei. Asubuhi nilikwenda shuleni, nikamlipia binti yetu.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mke wangu yote, hata ile kalamu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba watoto, tuilipe hiyo pikipiki kabla hatujaipata. Kila mwezi tutie dola 50 katika mkebe huu, tuone." Basi tukafanya hivyo. Mwezi wa kwanza tulitia 50. Mwezi wa pili 50. Mwezi wa tatu tulipata 30 tu. Mwezi wa nne mtoto wetu mdogo alishikwa na malaria, nao mshahara ulichelewa. Hatukutia kitu, bali tuliufungua mkebe tukanunua dawa. Kama ningalitia sahihi, mwezi ule pikipiki ingalirudi Goma pamoja na dola zetu 430, na binti yetu angalikaa nyumbani.

Kijana mmoja wa hapa kwetu alichukua pikipiki kwa masharti kama hayo. Milio ya bunduki ilipokaribia, alikimbia na jamaa yake kama sisi sote. Barabara ikafungwa, abiria wakakosekana, miezi miwili ikapita. Pikipiki alinyang'anywa. Watu hukimbia vita, lakini deni hubaki likiwangoja. Tena mnamo Januari 2025, Goma ilipotekwa, benki za mji zilifunga milango. Hata mwenye akiba yake alikosa mahali pa kuitoa.

Sisemi kwamba kila mkopo ni ubaya. Ikiwa bei ya taslimu na bei ya mafungu ni moja kweli, na fedha ya kulipa unayo tayari, basi umepewa muda bure, shukuru, upokee. Tena chombo kinacholeta fedha si sawa na chombo cha matembezi, ambacho hula petroli na mipira ya magurudumu na hakirudishi kitu. Lakini kabla ya kushika kalamu, uliza mambo matatu: bei ya taslimu ni ngapi, nikichelewa itakuwaje, na mwenzangu wa nyumbani asemaje.

Mwaka 1745 Baba Mtakatifu Benedikto XIV aliandika waraka kukumbusha kwamba kudai zaidi ya kilichokopeshwa, kwa sababu ya mkopo tu, ni dhambi ya riba. Na Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha juu ya mtu atakaye kujenga mnara: hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Hakusema asimame mlangoni pa duka.

Baada ya mkebe ule tuliingia katika kikundi cha kusaidiana, kile ambacho kwetu Kivu chaitwa MUSO. Kina sanduku la kijani la kukopeshana na sanduku jekundu la kumfaa mwenye msiba au ugonjwa. Huko nako mkopo una faida yake, lakini hutajwa waziwazi mbele ya wote, na faida hiyo hubaki kwetu wenyewe.

Mwaka 2023 binti yetu alipata diploma ya Serikali. Pikipiki hatuna, na Mokoto hatujafika bado. Dominika twaenda kwa wakwe kwa miguu, mama watoto mbele, mimi nyuma na mtoto mabegani. Njiani yeye hunitania, "Baba watoto, leo umetia petroli?"