Mngurumo wa gurudumu la nyuma

Kama umewahi kupanda pick-up au Land Rover za kule Newala, basi hii sauti unaijua. Gari likitambaa huisikii. Likishika mwendo tu linaanza: uuuuuu... Dereva akikata kona kulia sauti inapanda, akikata kushoto inashuka. Abiria wengi wanadhani ni tairi kipara. Wenye kazi yao wanajua: beringi ya gurudumu la kushoto inaaga.

Wadau, hizi wiki mbili za ukimya nilikuwa kusini, kwa mjomba wangu. Kwa asiyejua, sisi Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si ndugu wa kusalimiana naye sikukuu. Ndiye mwenye neno la mwisho. Huyu wangu ndiye aliyenisomesha, na ada zote zilitoka kwenye Land Rover 110 moja ambayo umri wake hauko mbali na wangu. Inabeba abiria, inabeba magunia ya korosho, na kiangazi kikibana inabeba madumu ya maji, maana juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida ya tangu enzi za mababu.

Sasa piga picha hiyo njia. Newala iko juu kabisa, ukingoni. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo. Masasi iko chini, mwendo wa kama kilomita 70. Barabara nzima ya Mtwara-Newala-Masasi ni kilomita 210, na lami ilianzia upande wa Mtwara, kilomita 50 za kwanza hadi Mnivata. Sisi wa upande wa Masasi tumekula vumbi miaka na miaka. Na vumbi ndilo adui wa beringi. Sili ya mpira ikichoka, mchanga unaingia, unachanganyika na grisi, mnapata msasa. Chuma kinasagana, kinapata moto, grisi inakauka. Ukiendelea kukaidi, beringi inavunjika, habu inakula ekseli, na gurudumu linaweza kuchomoka. Fikiria lichomoke mnateremka mlima na watu wamejaa nyuma!

Ndiyo maana mjomba alikataa kuliendesha gari hadi gereji ya Masasi. "Mpwa wangu, kalamu umeishika vya kutosha. Shika spana." Kazi ikafanyika nyumbani, chini ya mwembe.

Nikateremka Masasi kutafuta spea. Duka moja likanionyesha maboksi mawili. La kwanza bei imesimama. La pili theluthi ya bei hiyo, jina kubwa la kampuni limeandikwa, lakini wino umevujavuja, na kwenye chuma chenyewe hakuna namba yoyote iliyochongwa. Beringi halisi huwa na namba, na namba ya pete ya ndani na ya pete ya nje lazima ziendane.

Nikampigia simu mjomba. Hela aliyonipa ilitosha mambo mawili: beringi za bei rahisi kwa magurudumu yote mawili ya nyuma, au halisi kwa gurudumu moja tu. Msimu wa korosho ulikuwa mlangoni, na kuna mama mjamzito wa jirani alikwishaahidiwa kupelekwa hospitali ya Ndanda. Mjomba akanyamaza. Nikasikia kuku wanalia kule kwenye simu. Kisha akasema: "Chukua ya kweli. Hilo la kulia linanyamaza bado, litasubiri mauzo." Grisi na sili nikalipa mimi.

Kazi yenyewe ni hivi. Weka mawe kwenye magurudumu ya mbele, piga jeki, kisha egemeza ekseli kwenye gogo nene, maana jeki si ya kuaminiwa na roho yako. Shika tairi juu na chini, litikise. Letu lilikuwa linacheza kama jino la mtoto. Toa tairi, chomoa shafti, toa dramu la breki. Hapo utakuta nati mbili kubwa za milimita 52, na kati yake kuna bati lililokunjwa ili zisilegee. Zikitoka, habu yote inakuja mkononi.

Ndani kuna beringi mbili, na kila moja ina vijiti vya chuma vyenye umbo la koni. Zetu zilikuwa za bluu kwa moto. Pete za nje tulizigonga kwa patasi butu, kidogo kidogo, huku na huku. Kuingiza mpya mjomba alitumia ile pete ya zamani, aliyokwisha kuisaga pembeni isije ikanasa, akagonga juu yake. Usioshe habu kwa maneno, ioshe kwa dizeli mpaka ing'ae! Grisi unaiweka kiganjani, unaisukuma ipenye kati ya vijiti mpaka itokee upande wa pili.

Mwisho ni kukaza. Unakaza nati ya ndani huku unazungusha habu, halafu unairudisha kidogo. Ikibana sana itaungua, ikilegea sana itacheza. Unaweka bati jipya, nati ya nje, unakunja.

Tukaenda Kitangari na kurudi. Mjomba akashuka, akaweka kiganja kwenye habu. Vuguvugu. Kimya. Kesho yake alfajiri yule mama akapelekwa Ndanda.

Tangu nirudi, kila nikisoma taarifa ya ajali naona sentensi ileile: chanzo ni mwendo kasi. Mara nyingi ni kweli. Lakini nani analipekua lile gurudumu pale mtaroni? Nani anauliza lile boksi lenye wino unaovuja liliingiaje dukani, na aliyelinunua alikuwa na shilingi ngapi mfukoni? Nimeanza kuuliza maswali hayo, na nikipata cha kuandika mtakisoma.

Kwa sasa, wewe mwenye gari, leo jioni zima redio, endesha, sikiliza. Gurudumu la kulia la mjomba bado linasubiri korosho.