Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ngoma ni ile ile popote ichezwapo, lakini anayeicheza nyumbani huicheza mbele ya macho yanayomjua baba yake na mama yake, na mkono unaomtunza huenda ndio uliomlea. Kuna jambo la pili ambalo wahenga hawakulitaja, na kila mchezaji hulijua pasi na kuambiwa: kwao ndiko pia hatua moja ikikosewa huonekana. Ugenini hata kosa hupigiwa makofi.

Methali hiyo ndiyo waliyoichagua wanafunzi wanne wa kidato cha tatu, wasichana wawili na wavulana wawili, iwe jina la jarida lao la muziki. Shule yao iko Nakwa, katika mji wa Babati. Jarida lenyewe lilikuwa na kurasa nane, likatolewa nakala thelathini, na halikupata toleo la pili. Hata hivyo habari yake yafaa kusimuliwa, kwa kuwa ndani ya kurasa hizo chache yalizuka maswali ambayo mhariri wa jarida kubwa aweza kumaliza umri wake asiulizwe.

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliozaliwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Ni mji wa njia kuu, baina ya Arusha na Dodoma, wenye ziwa la viboko na mlima Kwaraa ukiuangalia kwa juu. Huko hulimwa mahindi na mbaazi katika shamba moja, na watu nao wamechanganyika vivyo hivyo. Wagorowa na Wairaqw husema lugha za Kikushi. Wabarbaig na Wamaasai lugha za Kiniloti. Warangi lugha ya Kibantu. Na kwingineko katika mkoa huo huo wako Wahadza, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu. Ni nadra kuona mkoa mmoja wenye utajiri wa namna hiyo. Lakini mtoto akivuka lango la shule huuacha nje. Shule ya msingi humfundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Lugha ya nyumbani husubiri nyumbani.

Kazi yenyewe ilitoka kwa mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa mlezi wa klabu ya habari. Aliagiza liundwe jarida la muziki lenye jalada, ukurasa wa yaliyomo, tahariri, barua za wasomaji na makala kuu ya kurasa mbili za katikati. Kisha akaweka sharti: jarida halingepewa alama mpaka waliolitengeneza walihakiki wenyewe kwa maandishi, kwa fani na maudhui, kama walivyozoea kuzihakiki riwaya na tamthilia za watu wengine. Kazi ya namna hiyo haikuwa ngeni duniani. Huko Uingereza, kwa miaka kadhaa kuanzia 2008, watahiniwa wa somo la taaluma ya habari katika bodi moja ya mitihani waliweza kubuni jarida la muziki na kisha kujibu maswali saba, mojawapo likiwa ni namna jarida linavyoyaonyesha makundi ya watu katika jamii. Wala jarida la shule si jambo geni kwa Kiswahili. Msimulizi, lililo miongoni mwa majarida ya mwanzo kabisa ya lugha hii, lilianza mwaka 1888 katika shule ya wamisionari ya Kiungani, Unguja. Yaani uandishi wa habari wa Kiswahili ulikaa darasani kabla ya kukaa ofisini.

Wanafunzi wale walianza kama waanzavyo wengi, kwa kuiga. Walikuwa na nakala kuukuu za Fema, jarida ambalo tangu mwaka 1999, lilipoanza kwa jina la Femina, limewafikia wanafunzi wa sekondari bila malipo, na ambalo majalada yake yaliwafundisha kwamba uso ukimtazama msomaji humwita. Wakakata katika gazeti la zamani picha ya mwimbaji wa Bongo Fleva, kijana wa Dar es Salaam mwenye miwani nyeusi na mkufu. Wakaibandika kwenye karatasi ya manila, jina la jarida wakaliweka juu kwa herufi nyekundu zenye kivuli, bei wakaiweka pembeni, na ubavuni wakapanga vichwa vinne vya habari, vyote vikihusu wanamuziki ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Nakwa. Lilipendeza. Darasa zima lilisema limependeza.

Mhariri wao, binti mmoja aliyekuwa akiishi na bibi yake mzaa baba, alilichukua jalada lile nyumbani jioni ili kumalizia kupaka rangi. Bibi hakujua kusoma. Aliitazama picha muda mrefu, kisha akauliza:

“Huyu ni mtoto wa nani?”

“Ni msanii, Bibi. Anaimba redioni. Yuko Dar es Salaam.”

“Nimeuliza ni mtoto wa nani.”

Binti hakuwa na jibu. Usiku ule ule akaliandika swali hilo katika daftari lake la tathmini, na ndilo likawa la kwanza humo, kabla ya fani na kabla ya maudhui.

Kesho yake wenzake walimbishia, na ubishi wao ulikuwa na hoja. Mvulana aliyepewa kazi ya mauzo alisema kwamba wasomaji ni wanafunzi, na mwanafunzi hatoi shilingi zake kununua sura ya kikongwe ambacho hukiona bure kila siku kisimani. Tena, alisema, jarida la muziki huuza ndoto, na Nakwa wanaijua tayari. Binti alijibu kwa mifano. Saida Karoli alipotoka Bukoba mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliimba kwa Kihaya, na nchi nzima ikamfuata hata wasioelewa neno. X Plastaz, vijana wa Arusha, waliingiza sauti ya Kimaasai ndani ya hip hop, na albamu yao ya mwaka 2004 ikasikilizwa Ulaya. Akawakumbusha pia Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri. Siti naye hakujua kusoma wala kuandika, lakini Shaaban Robert aliketi akaandika wasifu wake. Kama Siti alistahili kitabu, mwimbaji wa harusi za Nakwa hakosi kustahili kurasa mbili.

Wakapatana nusu kwa nusu. Kijana wa Dar es Salaam angebaki kwenye jalada, lakini kwa picha ndogo ya chini. Picha kubwa na kurasa za katikati zingekuwa za bibi.

Walipofika kumpiga picha kwa simu ya mwalimu, walimwomba avae ile sketi ya ngozi iliyotariziwa shanga, ambayo walijua kwamba ameihifadhi sandukuni. Walitaka msomaji aone utamaduni. Bibi alicheka.

“Ngozi hiyo ina siku yake,” alisema. “Mnataka watu wadhani ndiyo ninayoamka nayo?”

Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge kipya na kilemba cha rangi hiyo hiyo, akaketi wima juu ya kigoda, akawaambia sasa wapige. Wanafunzi walisikitika kidogo. Walikuwa wamekuja kuchukua picha waliyokwisha kuibuni vichwani mwao, nao wakarudi na picha ya mtu. Katika tathmini, binti aliandika kwamba kama wangeshinda wao, jalada lingesema uongo kwa kitu cha kweli.

Kisha bibi akawaimbia. Ulikuwa wimbo wa kumsindikiza bibi arusi, na katika ubeti mmoja alitajwa marehemu mume wake, aliyekuwa kiongozi wa uimbaji zamani za ujana wao. Aliwaruhusu waandike beti mbili. Zilizobaki alisema ni za wanawake waliokwisha kuzaa, wala hakueleza zaidi, na hawakumuuliza.

Hapo ndipo kazi ya usanifu ilipogeuka kuwa kazi ya tafsiri. Walipanga ukurasa wa kushoto uwe wa Kigorowa na wa kulia uwe wa Kiswahili, mstari ukikabiliana na mstari. Lakini mshororo wa Kigorowa uliotosha kwa pumzi moja, ulipovuka kuingia Kiswahili ulihitaji pumzi mbili, na safu ya kulia ikafurika hadi chini ya ukurasa. Mmoja akashauri herufi za pande zote mbili zipunguzwe, zilingane. Wakakataa, wakapunguza za Kiswahili peke yake. Tafsiri ndiyo mgeni, walisema, na mgeni ndiye anayesogea.

Kigorowa kina sauti ambazo herufi za Kiswahili hazikuziandalia nafasi. Mojawapo hutoka ndani kabisa ya koo, nayo ni ile sauti ambayo kila mtoto wa madrasa huijua kwa jina la ain. Wanaisimu wanaoiandika lugha hiyo na jirani yake Kiiraqw, kama alivyofanya Maarten Mous katika sarufi yake ya Kiiraqw ya mwaka 1993, huionyesha kwa mkwaju, alama ile ile inayotumika kutenganisha tarehe na mwezi. Mwalimu aliijua kanuni hiyo, akawafundisha. Na jina la marehemu babu lilianza kwa sauti hiyo. Kwa hiyo, katika hati ya mkono waliyoipeleka steshenari mjini, jina lilianza kwa mkwaju.

Mpiga chapa aliuona mkwaju mwanzoni mwa jina la mtu, akaudhani ni kosa la mtoto wa shule, akaufuta. Alifanya hivyo kwa wema. Wanafunzi walisoma prufu wakitazama picha zimekaaje na vichwa vya habari vimenyooka au la. Jina hawakulitazama, kwa kuwa walidhani wanalijua.

Nakala thelathini zikatoka. Jumamosi, binti akakaa karibu na jiko akamsomea bibi kurasa zake mbili, polepole, kwa Kigorowa kama kilivyochapwa. Bibi aliusikiliza wimbo wake ukirudi kwake kutoka kwenye karatasi, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, hadi lilipofika jina.

“Huyo simjui,” akasema.

Binti akalisoma tena, akifuata herufi. Bibi akajibu vile vile. Hapo mjukuu akainama kuitazama karatasi, akaona pengo.

Msomaji wa pwani na visiwani anaweza kulifikiria jambo hili kuwa dogo. Kiswahili chenyewe kimeimeza ain mara nyingi bila kujuta: imo katika asili ya elimu, imo katika asili ya arusi, imo katika jina la kila Ali, na mitaani hakuna anayeitamka. Wala taabu ya herufi si mpya. Wanakili wa tenzi za kale, walipokiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walikuta taabu ya upande wa pili, maana herufi hizo hazikuwa na p wala ch, nao wakabuni nukta na alama za kuokoa maneno. Lakini neno la kawaida likihama kutoka lugha hadi lugha, wenyeji wapya hulilea kwa sauti zao, na hapana aliyeonewa. Jina la mtu halikuhama. Lilikuwa nyumbani kwake, likisomwa kwa mjane wake kwa lugha yake, na bado likafika limekosa mlango wa kuingilia.

Jumatatu binti alikusanya nakala zilizobaki katika kabati la klabu, ishirini na mbili, akaketi nazo wakati wa mapumziko, akachora mkwaju kwa kalamu ya bluu mbele ya jina katika kila moja. Wenzake walimwambia kwamba anaharibu usafi wa ukurasa, na kweli wino ule ulionekana kama kovu. Nakala nane zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Akapita darasa kwa darasa na kalamu yake, akizitafuta.

Tathmini aliyoikabidhi ilikuwa na kurasa nne. Katika fani alikiri kwamba jarida lina aina tano za herufi pale ambapo mbili zingetosha. Kwamba picha ya jalada, nzuri kwenye simu, iligeuka giza kwenye fotokopi kwa kuwa bibi aliketi kivulini. Na kwamba safu ya Kiswahili ni finyu hata wasomaji wawili wamelalamika. Katika maudhui alisema wavulana wa mauzo walikuwa na haki kwa sehemu: walionunua waliitaka ile picha ndogo ya chini, ila kurasa walizozisomeana kwa sauti darasani zilikuwa zile za katikati, na wengi walikwenda nyumbani kuuliza bibi zao wanajua nini. Chini ya mapungufu aliandika mstari mmoja: tulihakiki sura ya jarida, hatukuhakiki majina.

Mwalimu alimpa alama nzuri, bila kuongeza neno. Kati ya nakala zile nane zilizouzwa, saba zilipatikana zikasahihishwa. Moja ilikuwa imeondoka na mwanafunzi aliyehamia Singida, na humo, katika ubeti wa pili, angali anaimbiwa mtu ambaye Nakwa hawamjui.