Barua kutoka Ughaibuni: Meli ya Wenzi Wasiopenda Makuu

Kampuni ya meli za kitalii huchaguliwa kwa jioni zake. Mchana meli karibu zote hufanana: bwawa la kuogelea, viti vya kujinyoosha juani, bufee iliyojaa vyakula, na bandari mpya kila baada ya siku moja au mbili. Jua likishazama ndipo kila kampuni huonyesha tabia yake. Kuna meli ambamo abiria hutarajiwa kuvaa suti na magauni marefu. Kuna nyingine ambamo muziki wa disko haunyamazi hadi usiku wa manane. Kuna na zile ambamo watu hula polepole, husikiliza piano, kisha hutoka nje kupunga upepo kabla ya kulala. Mume na mke wa makamo wasiopenda makuu waitafute hii ya tatu. Anayeanza na bei hujikuta mara nyingi amelipia raha ya watu wengine.

Kwa msomaji wa nyumbani, meli ya abiria ni chombo cha kumtoa mtu mahali na kumfikisha pengine, kama boti za Dar es Salaam na Unguja au MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Meli ya kitalii mara nyingi hurudi palepale ilipong'oa nanga. Nauli hulipia chumba, chakula na burudani kwa siku 3, 7 au 14, na bandari za njiani ni za kutembea tu. Huku Marekani safari za namna hii huwafaa sana wenzi waliofanya kazi miaka mingi, wengine zamu za usiku hospitalini, wengine nyuma ya usukani wa lori, na ambao watoto wao sasa wako chuoni. Begi hufunguliwa mara moja tu, na kwa juma zima hakuna wa kupika wala wa kuendesha gari.

Biashara hii kwa sura yake ya leo ilikulia Miami. Kampuni ya Norwegian ilianza mwaka 1966, Royal Caribbean mwaka 1968, na Carnival mwaka 1972 chini ya Ted Arison, ambaye awali alikuwa mshirika katika kuanzisha Norwegian. Siku hizi majina mengi yaliyo kwenye matangazo yamo mikononi mwa makundi manne. Carnival ina Princess, Holland America, Cunard na Costa. Royal Caribbean ina Celebrity na Silversea. Norwegian ina Oceania na Regent. Na MSC ni mali ya familia moja yenye makao Geneva. Kulijua hili kuna faida, kwa sababu kila kundi limegawa majina yake kwa aina ya watu. Aliyechoshwa na makelele ya Carnival anaweza kupendezwa sana na Holland America, ingawa fedha za zote mbili huishia mfuko mmoja.

Ukubwa wa chombo ndio jambo la pili la kuangalia. Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024, ina sitaha 20 na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600, mabaharia hawajahesabiwa. Kwa familia yenye watoto ni furaha tupu. Kwa wenzi wanaotafuta utulivu ni foleni ya lifti, foleni ya kifungua kinywa, na foleni ya kushuka bandarini pamoja na umati unaokwenda ufuko uleule. Meli kubwa ina wema wake, kwani haiyumbi sana kwenye mawimbi, na mwenye tumbo jepesi hulishukuru hilo. Lakini meli ya watu 700 au 1,300 huingia bandari ndogo ambazo kubwa haziwezi kuzifikia, na siku ya pili tu wahudumu wanakuwa wameshalijua jina la abiria na namna anavyopenda chai yake.

Kipimo kinachofaa kuliko idadi ya abiria ni nafasi anayopata kila mmoja. Ukubwa wa meli kwa tani za ujazo hugawanywa kwa idadi ya abiria, wakihesabiwa wawili kwa kila chumba. Mardi Gras ya Carnival ina tani 180,000 na ushei kwa abiria 5,200 na zaidi, yaani takriban 34 kwa kila mtu. Marina ya Oceania ina tani 66,000 kwa abiria 1,250, yaani karibu 53. Namba ikipanda, msongamano hupungua. Hata hivyo kipimo hiki hakisemi yote: Koningsdam ya Holland America hufika kama 38 tu, na bado ni meli tulivu, kwa sababu wengi wa wanaoipanda ni watu wazima waliokuja kupumzika. Wasafiri wenzako hujenga au kuharibu safari kuliko chuma chenyewe.

Kisha kuna mavazi. Cunard, yenye Queen Mary 2, bado inashikilia desturi ya zamani ya jioni za gala, na asiyetaka kuvaa rasmi hubakiwa na kumbi chache za kukaa usiku huo. Wapo wanaolipenda jambo hilo kwa moyo wote, na ni haki yao, ila mtu aliyechoka na tai ofisini hatakwenda baharini kuifunga tena. Norwegian iliachana na mavazi rasmi na zamu za chakula mwaka 2000, abiria akala saa aitakayo na kwenye mkahawa autakao. Celebrity nayo iliziondoa jioni rasmi mwaka 2015, ikabakiza jioni za kupendeza kidogo tu. Oceania, Viking na Azamara hazidai zaidi ya suruali nzuri na shati lenye kola. Kwenye kampuni zenye usiku mmoja au miwili ya kujipamba, gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, au kanzu na koti, ni vazi la heshima kamili, na wenzi hawana haja ya kununua kitu kipya.

Chakula nacho kina mipango miwili. Mmoja ni wa zamani, ambamo kila abiria hupewa saa na meza yake kwa safari nzima, mara nyingi pamoja na wageni wengine. Wa pili huwaruhusu abiria kuja watakapo na kuomba meza ya wawili. Kampuni nyingi hutoa yote miwili, na chaguo hufanywa wakati wa kununua tiketi, mapema, kabla nafasi hazijajaa. Waislamu waombe chakula cha halali majuma kadhaa kabla ya safari, kwa maandishi, na wathibitishe na mkuu wa ukumbi siku ya kwanza. Bufee yenyewe huwa na nyama ya nguruwe pembeni ya vyakula vingine, na samaki hubaki kimbilio la kuaminika.

Kati ya majina yote, manne yanastahili kutazamwa kwa makini na wenzi wa aina hii.

Holland America ilianzishwa Rotterdam mwaka 1873, na kwa miongo mingi ilibeba wahamiaji wa Ulaya kwenda New York. Meli zake ni za kati, kuanzia abiria 1,400 hivi hadi chini kidogo ya 2,700. Burudani yake kubwa ni muziki unaopigwa na watu wenye vyombo, na usiku ukisonga meli hupoa. Wengi wa abiria wake wamestaafu, kwa hiyo wenzi wa miaka 50 wanaweza kujiona vijana humo. Hilo si tatizo ila kwa anayetaka kucheza dansi hadi alfajiri.

Celebrity ilianzishwa na familia ya Chandris ya Ugiriki mwaka 1988, na alama ya X kwenye bomba lake la moshi ni herufi ya Kigiriki inayoanza jina la Chandris. Meli zake ni kubwa zaidi, nyingine hukaribia au kuzidi abiria 3,000, lakini zimepambwa kwa ustadi na huvuta watu wa makamo kuliko familia. Chakula chake ni kizuri. Kwa wenzi wanaotaka utulivu bila kujihisi wamekwenda kwenye nyumba ya wazee, hapa ndipo pa kuanzia.

Oceania na Viking ni za mfuko mpana zaidi. Oceania imejijengea jina kwa chakula, na mikahawa yake maalumu haidai malipo ya ziada. Viking ilianza na meli za mitoni mwaka 1997, ikaingia baharini mwaka 2015. Meli zake nyingi za bahari hubeba watu 930, hazina kasino, na kampuni haipokei abiria aliye chini ya miaka 18. Kila chumba kina roshani, na nauli hujumuisha matembezi ya kuongozwa katika kila bandari. Virgin Voyages nayo ni ya watu wazima pekee na haina mavazi rasmi, lakini jioni zake ni za sherehe na muziki mzito. Kutokuwepo kwa watoto si sawa na kuwepo kwa utulivu, na wengi hulichanganya hili.

Kalenda huweza kuibadilisha meli ileile kabisa. Safari za siku 3 au 4 kutoka Florida hujaa vijana na sherehe. Za siku 7 hujaa familia kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa likizo za shule za Machi, na Krismasi. Za siku 10 na zaidi huwa za watu wazima. Karibi ina msimu wa vimbunga kati ya Juni 1 na Novemba 30, na nahodha hubadilisha njia kukwepa dhoruba, hivyo bandari iliyoahidiwa inaweza kurukwa.

Kuhusu fedha, bei ya tangazo ni ya mtu mmoja katika chumba cha wawili. Kwanza izidishwe mara mbili, kisha itazamwe kama kodi na ada za bandari zimo tayari. Bakshishi hutozwa kila siku, kati ya dola 16 na 20 hivi kwa mtu katika vyumba vya kawaida. Kwa wenzi wawili na usiku 7 hiyo ni dola 224 hadi 280. Isikwepwe: wahudumu wa meli, wengi wao kutoka Ufilipino, Indonesia na India, hufanya kazi siku 7 kwa juma wakiwa mbali na watoto wao, na Mswahili wa ughaibuni anaijua hali hiyo vizuri. Kifurushi cha pombe ndicho cha kuepukwa. Mara nyingi hupita dola 60 kwa mtu kwa siku, na kampuni nyingi humtaka kila mtu mzima wa chumba akinunue, yaani dola 840 au zaidi kwa juma. Kwa wasiokunywa, au wanaokunywa glasi moja ya divai, ni hasara tupu. Nauli iliyofungwa pamoja na vinywaji na intaneti ilinganishwe na nauli tupu kabla ya kulipa.

Karatasi za safari huwakwamisha watu wetu kuliko kitu kingine. Meli hizi nyingi hupeperusha bendera za nje, Bahamas, Panama, Malta, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzizuia kusafirisha abiria ndani ya nchi hiyo pasipo kugusa bandari ya kigeni. Ndiyo sababu meli ya Seattle kwenda Alaska mara nyingi husimama Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za jioni. Mwenye grini kadi huingia Kanada bila viza, lakini huhitaji pia pasipoti hai ya nchi yake. Ya Kenya au Tanzania iliyokwisha muda haimsaidii. Aliye Marekani kwa viza ya masomo au kazi huhitaji viza ya Kanada. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki huhitaji viza ya Schengen kwa safari za Mediterania, na meli ikitoka Ugiriki, ikaingia Uturuki, ikarudi Ugiriki, viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Alaska yenyewe ndiyo njia inayowafaa wenzi hawa kuliko Karibi. Baridi yake huwavalisha watu wote sweta, hata wakati wa chakula, na abiria huja kutazama barafu na nyangumi. Mwezi Mei shule bado zimefunguliwa na mvua huwa kidogo kuliko Agosti na Septemba. Juneau ilikubaliana na kampuni kwamba kuanzia mwaka 2024 meli kubwa zisizidi 5 kwa siku. Glacier Bay inabana zaidi: hifadhi hiyo hairuhusu zaidi ya meli 2 za kitalii kwa siku, na Holland America na Princess ni miongoni mwa zenye ruhusa nyingi. Meli huingia polepole, hukaa mbele ya ukuta wa barafu, na askari wa hifadhi hupanda kuwaeleza abiria wanachokiona.

Chumba kichaguliwe katikati ya meli, sitaha za chini au za kati, ambako mtikisiko ni mdogo, na kisiwe chini ya bwawa wala ukumbi wa muziki. Dawa za presha na sukari zikae kwenye begi la mkononi, maana mizigo mikubwa huweza kufika chumbani saa kadhaa baadaye. Bima ya safari ni ya lazima, kwa kuwa bima nyingi za afya za Marekani hazilipi zahanati ya melini.

Kwa wenzi wanaopanda meli mara ya kwanza, basi, uamuzi ni huu: Holland America, siku 7, kutoka Vancouver au Seattle, mwezi Mei, chumba chenye roshani, bila kifurushi cha pombe. Na ratiba yenye jina la Glacier Bay isiachwe kwa ajili ya kuokoa dola mia.