Askari wa Udongo na Safari ya Mwanangu

Mimi ni muuguzi hapa Kidatu, na kila Jumapili hufundisha watoto kanisani. Leo siandiki juu ya chanjo wala lishe. Nataka kukusimulia jinsi nilivyojikuta, mama wa miaka zaidi ya arobaini, nimepiga magoti kwenye mkeka, utepe wa cherehani mkononi, nikipima umbali kati ya askari wangu wa udongo na jitu la sayari nyingine.

Kijana wetu wa tatu alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Wenye mtoto wa namna hii wanajua maisha yake: maji mengi ya kunywa, vidonge vya kila siku, chandarua kila usiku, na kuogopa baridi. Wenzake wanapokwenda kuoga chini ya maporomoko ya Sanje, yeye hubaki nyumbani. Wanapocheza mpira jioni kando ya mashamba ya miwa, yeye hukaa pembeni akilinda viatu vyao. Mimi ndiye niliyemkataza, maana mara nyingi nimemshika mkono usiku kucha akilia kwa maumivu ya mifupa.

Alipomaliza kidato cha nne mwezi Novemba, alianza kile kipindi kirefu cha kungoja matokeo. Nyumba ikamwelemea. Alikuwa akilala mchana na kujibu kwa neno moja tu. Ndipo mdogo wangu anayeishi Uingereza alipokuja likizo ya Krismasi, akamletea mpwa wake zawadi ya kitabu.

Kitabu chenyewe kinaitwa Stargrave, kimetungwa na Joseph A. McCullough na kilitoka mwaka 2021. Ni kitabu cha kanuni za mchezo wa vita vidogo unaochezwa mezani kwa sanamu ndogo. Kisa chake ni cha kubuni: nyota zimeharibiwa na vita ya muda mrefu, maharamia wametawala, na vikosi vidogo vinazunguka na vyombo vya angani kutafuta riziki.

Nilipoona jalada lile lenye bunduki, moyo ulinisinyaa. Sisi wa bonde hili tumerithi simulizi za Majimaji ya mwaka 1905, jinsi watu walivyoikabili boma ya Mahenge wakaanguka kwa risasi. Vita kwetu si jambo la mzaha. Mama mmoja wa umoja wetu wa wanawake alinishauri nikichome kitabu kile. Nilikaribia kumtii. Lakini mume wangu aliniambia, "Mama, hujakisoma. Kaa na kijana kwanza, halafu uchome."

Basi nikakaa naye.

Tulivyoanza

Kitabu ni cha Kiingereza, hivyo kila jioni tulisoma kurasa chache, yeye akieleza na mimi nikiandika kwa Kiswahili kwenye daftari la mkono mbili. Nilijifunza kwamba michezo ya namna hii si mipya. Mwingereza H. G. Wells, aliyeandika mwaka 1898 hadithi ya viumbe wa sayari ya Mars kuivamia dunia, alitoa mwaka 1913 kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa bati sakafuni. Mwishoni mwake alisihi kwamba vita ya sakafuni ni bora mara nyingi kuliko ile ya kweli. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa askari. Kule Ulaya watu hununua sanamu za plastiki zenye kimo cha milimita 28 hivi, wakaziunganisha kwa gundi na kuzipaka rangi kwa brashi nyembamba. Sisi hatukuwa nazo. Bahati nzuri kitabu kinaruhusu sanamu yoyote uliyo nayo. Kijana akachota udongo wa kichuguu, akafinyanga watu wadogo wa kimo cha kidole gumba, akawasimamisha juu ya vifuniko vya soda na kuwakausha kivulini. Tulipowaanika juani mara ya kwanza walipasuka wote.

Majengo tuliyatengeneza kwa viberiti na maboksi matupu. Aliniomba nimletee vifuniko vya vichupa vya sindano kutoka kazini ili viwe matangi ya mafuta. Nikakataa katakata. Taka za hospitali hazichezewi, mama mwenzangu, hata zikionekana safi namna gani.

Tatizo la pili lilikuwa dadu. Mchezo huu unataka dadu ya pande 20, na dukani kwetu ipo ya pande sita tu, ile ya ludo. Tulikata vikaratasi 20 vinavyolingana, tukaviandika namba 1 hadi 20, tukavitia ndani ya kopo la maziwa. Unatikisa, unachota kimoja bila kutazama, unasoma, kisha unakirudisha. Ukisahau kukirudisha, hesabu inaharibika.

Uwanja ulikuwa mkeka, tukapima eneo la mraba lenye futi tatu kila upande. Kila mchezaji ana kikosi cha watu wasiozidi kumi: nahodha, msaidizi wake, na askari hadi wanane. Katikati unaweka masanduku ya mali. Kila duru mnachota namba, na mwenye kubwa anatangulia. Kwanza huenda nahodha, kisha msaidizi, kisha askari waliobaki. Kwa kawaida kila mtu ana matendo mawili: kutembea, halafu kupiga, kufungua sanduku au jambo jingine. Wakikutana ana kwa ana, kila mmoja anachota namba na kuongeza nguvu zake za kupigana. Mwenye jumla kubwa ndiye mshindi, na jumla hiyo ikipunguzwa ngao ya mwenzake, kinachobaki ni jeraha.

Sasa sikia jambo lililonishangaza. Lengo si kuua watu wote wa mwenzako. Lengo ni kutoka uwanjani na mali. Na mchezo ukiisha, kila aliyeanguka huchotewa namba ili ijulikane kama amekufa, amejeruhiwa au amepona, maana kikosi hicho hicho ndicho utakachokitumia tena mchezo ujao. Kati ya askari yupo hata tabibu. Hapo moyo wa muuguzi ukatulia kidogo.

"Mama, hawatoki"

Uwanja wetu wa kwanza kijana aliuita Sayari ya Sanje. Akaweka bwawa, na chini ya mlima mtambo wa umeme, kama huu wetu wa Kidatu uliochimbiwa ndani ya mwamba, wenye uwezo wa megawati 204. Alinishinda. Siku ya pili akanishinda, na ya tatu vile vile. Kila mara askari wangu walibaki hai karibu wote, lakini masanduku yote aliyachukua yeye.

Baba mkwe wangu alikuwa akitutazama kutoka kwenye kiti chake barazani. Yeye ni mchezaji wa bao wa siku nyingi. Akasema, "Huu nao ni bao tu." Akatukumbusha kwamba katika bao, lenye kete 64, ukiwa unakula na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako, ni hiari yako kulala au kusafiri. "Huyu mkwe wangu," akasema, "kila siku analala."

Kijana akacheka. Kisha akaacha kucheka, akasema taratibu bila kuniangalia, "Mama, watu wako hawatoki nyuma ya boksi. Unawaweka pale wasiumie. Sasa walikuja kufanya nini?"

Sikumjibu. Nilijifanya nahesabu vikaratasi.

Usiku ule nilimfikiria mtumwa yule katika Injili ya Mathayo sura ya 25, aliyeizika talanta ya bwana wake ardhini. Nimewafundisha watoto mfano huo mara nyingi, nami siku zote nilimwona kuwa mvivu. Usiku ule niligundua kwamba hakuificha kwa uvivu tu. Aliogopa.

Barua ya Iringa

Ulipofika wakati wa majina ya kidato cha tano, kijana alikuwa amechaguliwa shule ya bweni mkoani Iringa. Iringa, mpendwa msomaji, kule kwenye baridi ya mwezi wa Juni na Julai! Kabla hajamaliza kunisomea jina la shule, nilikwisha panga moyoni kwenda kuomba abadilishiwe, asome karibu nami. Nilikuwa na sababu za kitaalamu, na hakuna ambaye angenibishia.

Yeye hakubisha. Alikwenda chumbani, akarudi na kopo la vikaratasi, akatandika mkeka. Tukacheza. Safari hii nilimtoa askari wangu mmoja, mdogo kuliko wote, nikamwambatanisha na tabibu, nikampitisha nyuma ya bwawa mpaka kwenye sanduku. Alijeruhiwa njiani, lakini alitoka nalo.

"Umeona?" kijana akasema. "Hukumtuma peke yake."

Ndipo tulipozungumza. Aliniambia kwamba anaogopa maumivu kuliko ninavyoogopa mimi, ila anaogopa zaidi kuzeeka akilinda viatu vya wenzake. Tulikaa mpaka taa ikazimwa. Kesho yake, badala ya kwenda kuomba uhamisho, nilikwenda naye kwa daktari wake. Tukaandikiwa barua ya kumpa mlezi wa bweni, ikieleza dalili za hatari: homa, kifua kubana, maumivu yasiyotulia kwa dawa. Nilimnunulia sweta mbili, blanketi zito, soksi za sufu na chupa kubwa ya maji. Vidonge vyake nilimkabidhi yeye mwenyewe avihesabu.

Aliondoka Julai. Siwezi kukudanganya kwamba sikulia. Mwezi wa Agosti alipata maumivu makali, akalazwa siku mbili. Lakini alikwenda mwenyewe kwa mlezi mapema, barua mkononi, kabla hali haijawa mbaya. Nilipompigia simu akaniambia, "Mama, nimejeruhiwa tu. Sijatolewa uwanjani."

Wazazi wenzangu, sisemi kila mchezo unaoingia nyumbani ni mwema. Ipo inayopotosha, na ni wajibu wetu kuikagua. Ninachosema ni kwamba usiukague ukiwa umesimama mlangoni. Keti chini, uliza kanuni, shindwa mara tatu. Mtoto huweza kumwambia mama, huku mikono yake ikipanga askari wa udongo, neno ambalo hangelisema akiwa ameitwa sebuleni kuhojiwa.

Kikosi chake alikibeba ndani ya kopo la siagi. Changu kipo juu ya kabati, pamoja na tabibu wake aliyevunjika mkono. Likizo ya Desemba i karibu. Kila jioni, nikishamaliza sala, huwa nafikiri ni njia ipi nitampitishia askari wangu mdogo safari hii.