Hiyo Parachuti Ndogo Inaweza Ngoja

Wasee, wacha niwaambie vile nilikaribia kununua kifo kwa bei ya kutupa.

Kwa wale hawajui, mimi huruka parachuti Diani. Ndiyo, Kenya hii hii. Ndege inapanda zaidi ya futi 10,000, mlango unafunguliwa, unaona bahari yote imelala hapo chini, halafu unatoka. Nimeruka mara 71. Pesa yote nayopata kwa kushuti video za harusi huishia huko, na mama ameshachoka kuniuliza kama kuna shetani nafuata.

Sasa kuna mzungu alikuwa anarudi kwao, akawa anauza parachuti yake kwa nusu bei. Ndogo, ina umbo la yai, ncha zake zimechongoka. Zile za wale majamaa mnaona kwa video wakishuka kwa kasi kama mwewe, wakipitia juu ya maji mguu mmoja ukichora mstari. Manze, nilijiona. Nilikuwa nishachagua hadi wimbo wa video.

Kabla nitume pesa nikapiga hesabu ambayo kila mrukaji hufundishwa. Unachukua uzito wako na vifaa vyako vyote kwa pauni, unagawanya kwa ukubwa wa kitambaa kwa futi za mraba. Mimi na mzigo wangu ni kilo 80, yaani pauni 176. Parachuti natumia ni 170, kwa hivyo jibu ni 1.04 hivi. Ile ya mzungu ni 107. Jibu: karibu 1.65.

Unaweza sema, si ni namba tu? Hapana. Parachuti ya siku hizi si mwavuli wa kukushusha polepole. Ni bawa. Ina mifuko iliyo wazi mbele, hewa inaingia, inajaa, inachukua umbo la bawa la ndege, na inaenda mbele wakati wote. Ukiibebesha uzito zaidi kwa kila futi, lazima iende haraka ndiyo ikubebe. Hata kama zingekuwa za umbo moja, hiyo ya 107 ingenipeleka kwa kasi ya kama robo zaidi. Na kasi ikiongezeka robo, nguvu ya kugonga chini inaongezeka zaidi ya nusu. Mifupa yangu nayo ni ile ile.

Halafu kuna vile inaskiza. Parachuti kubwa ya mwanafunzi ni kama matatu kuukuu: unakata kona, inafikiria kwanza. Hiyo ndogo ukiegemea tu kiuno upande mmoja, ishageuka. Kamba zikijisokota wakati inafunguka, inaweza kuanza kuzunguka na kukula futi haraka kabla ujue kinaendelea nini. Na ikishaanza kupiga mbizi, inachukua muda mrefu kujiinua yenyewe. Majamaa wa video wanapenda hivyo, kwa sababu ndipo kasi inatoka. Lakini wao huanzia kona yao juu, kwa kimo wamepima, baada ya kuruka mamia ya mara, wengine maelfu.

Mimi nilisoma haya yote na bado nikasema, ah, nitakuwa makini.

Wiki hiyo hiyo nikaruka na 170 yangu. Kila kitu poa hadi nikakaribia mchanga. Ghafla, ngamia. Wale wa kubeba watalii, anavuka polepole palepale nilipotaka kutua. Nikashtuka nikavuta breki ya kulia hadi chini.

Hilo ndilo kosa. Ukivuta upande mmoja kwa nguvu, bawa linalala na linapiga mbizi. Kama una futi 1,000 chini yako, ni raha. Nilikuwa na chini ya 100. Niliona ardhi ikinijia, nikavuta breki zote mbili, na parachuti ikaanza kunyooka sekunde ya mwisho. Nikagonga, nikabingirika, mdomo ukajaa mchanga. Kifundo cha mguu kikavimba kama embe. Ngamia hata hakugeuka kuniangalia.

Mwalimu wangu, mzee wa Ukunda asiyepiga kelele, alikuja akachutama kando yangu. "Kijana, uliambiwaje kuhusu kona ya chini?" Nikajibu: shika breki zote nusu kwanza, halafu achilia upande mmoja kidogo, bawa ligeuke likiwa bapa. "Kwa hivyo unajua. Mkono ndio haujui."

Hiyo sentensi ilinimaliza. Akili yangu ilikuwa na jibu, mkono ukafanya kitu kingine. Na 107 ingetii huo mkono haraka kuliko 170. Ubora wake ndio huo: inafanya unachoiambia, hapo hapo, hata kama unachoiambia ni ujinga. Ndiyo maana waruka parachuti wengi wamekufa chini ya parachuti iliyofunguka vizuri, isiyo na shida yoyote.

Mzungu alipopiga simu nilimwambia auzie mtu mwingine. Iliniuma, siwezi danganya. Tumelelewa kwa haraka. Ukianza kitu leo, kesho unataka kile cha wakubwa, na kama huna unaonekana umezubaa. Ni vile msee anajua baiskeli wiki moja halafu anaombea pikipiki ya mashindano.

Mguu ulipona baada ya wiki sita. Sai kila nikiruka, juu kabisa, nafanya ile kona bapa mara kumi, kushoto, kulia, hadi mkono ujue. Hakuna video ya hiyo. Haipendezi hata kidogo. Lakini kuna siku ngamia mwingine atavuka, na nataka mkono ujibu kabla mimi nishtuke.

Wewe kile kitu yako ndogo unakimbilia ni gani? Mkono wako umeshajua, ama ni kichwa tu?