Ramani ya Safari ya Dola Moja



Sisi ni mume na mke, tunaishi karibu na Los Angeles, Marekani, na tuna ugonjwa mmoja: tunakusanya ramani za zamani za watalii, zile zinazoonyesha njia za tramu na treni za umeme. Wengine hukusanya stempu.

Wageni hawaamini tukiwaambia kwamba jiji hili la magari liliwahi kuwa na reli za umeme zipatazo kilomita 1,600. Kampuni ya Pacific Electric ilianzishwa mwaka 1901 na Henry Huntington, na mabehewa yake mekundu yalifika baharini, kwenye mashamba ya michungwa, hata mlimani Mount Lowe. Njia ya mwisho, ile ya Long Beach, ilifungwa mwaka 1961. Huntington alikuwa pia muuza viwanja, na reli ndiyo iliyovipandisha bei. Kwa hiyo ramani hizo tunazisoma kwa tahadhari, kama mtu asomavyo tangazo la mwenye duka. Au tulidhani hivyo.

Mwaka jana tuliletewa ramani ya safari ya misheni kongwe. Kwa dola 1 tu, mtalii wa siku zile alitembezwa Pasadena, shamba la mbuni na misheni ya San Gabriel. Sisi bei tuliyotajiwa ilikaribia ada ya muhula tuliyoahidi kumlipia mtoto wa mdogo wetu, aliye seminari ndogo huko nyumbani. Tukainunua. Nyumbani tukasema benki imechelewesha fedha.

Kijana alipofika likizo alipiga simu ya video. Baada ya shikamoo tukamwonyesha ramani kwa fahari. Akaitazama kitambo.

“Baba mkubwa, mbuni nawaona. Wenyeji wa hapo wako wapi?”

Miaka mingapi tumekusanya karatasi hizi, na swali hilo hatukuwahi kujiuliza! Wafransisko waliianzisha misheni hiyo tarehe 8 Septemba 1771, sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria, katika nchi ya Watongva. Watongva ndio walioijenga na kulima mashamba yake, wengi wao bila hiari, na wengi wamezikwa kando ya kanisa. Kwenye ramani yetu hawamo kabisa.

Kisha akauliza bei. Mama yake mkubwa akamwambia, na habari ya benki pia akaieleza ilivyokuwa. Kijana alinyamaza, halafu akasema mhasibu wa seminari alimvumilia wiki 2, ila alikuwa akiitwa jina lake mbele ya wenzake kila asubuhi.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kusali San Gabriel. Baada ya Misa tulikaa makaburini mpaka jua likawa kali. Ramani tuliiacha nyumbani. Tulikwenda kwa gari, maana reli yenyewe iling'olewa zamani.