HIMO: AC ILIGANDA BARAFU CHUMBANI, JAMAA AKACHUKUA KISU!

Basi bwana, kuna wanandoa pale Himo, nyumba yao haiko mbali na barabara ya Holili. Desemba mke alipokea hela yake ya kikoba, na badala ya kununua kabati alilokuwa akiliota mwaka mzima, akanunua AC. Watu wa Marangu wakisikia AC Kilimanjaro wanacheka, maana kwao huko juu blanketi ni la kila siku. Himo iko chini. Januari na Februari joto lake silo la mchezo, na mtoto wao wa miezi minne alishatoka vipele mwili mzima.

Miezi miwili mambo yakawa matamu, mtoto analala hadi asubuhi. Halafu upepo ukaanza kupungua. Mume akashika rimoti, akashusha hadi 16. Upepo ukazidi kufa. Asubuhi anafungua mfuniko, anakuta barafu nyeupe imefunika mabomba! Picha, status: "Kibo imehamia chumbani kwetu." Watu wakacheka mpaka basi. (Kibo yenyewe imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912, lakini hiyo siku haikukumbukwa.)

Wengi wakiona barafu wanadhani mashine inapiga kazi kupita kiasi. Kumbe inakosa pumzi. Hewa ya chumba inatakiwa ipite kwa wingi juu ya yale mabomba ya baridi. Ikipita ya kutosha, unyevu wake unageuka maji na kutoka nje kwa mpira. Ikizuiwa, au gesi ikipungua, mabomba yanashuka chini ya nyuzi sifuri na maji yanaganda hapo hapo. Barafu nayo inaziba njia, hewa inapungua tena. Kushusha rimoti hapo ni kuongeza tatizo.

Alichotakiwa kufanya ni kuzima ubaridi, kuacha feni tu, kuweka beseni chini na kusubiri saa kadhaa iyeyuke yenyewe. Jamaa hakusubiri. Mke yuko sokoni, yeye akachukua kisu cha jikoni akaanza kubandua barafu. Pssssss!

Akafunga mfuniko. Jioni akasema, "Mke wangu, gesi imeisha."

"Miezi miwili tu? Wale wa dukani wametupiga! Kesho nawafuata."

Kesho yake asubuhi fundi akafika kutoka Moshi. Kwanza akachomoa filta. Vumbi limejaa kama blanketi, malori ya mpakani hayo na dirisha lililo wazi mchana kutwa.

"Shemeji, hii ndiyo iliyogandisha. Ioshe kwa maji ya bomba kila baada ya wiki mbili, ikauke kivulini, basi. Ukiiosha na barafu ikarudi, hapo niite."

"Na gesi je? Si imeisha?"

"Gesi haiishi kama mafuta ya bodaboda. Inazunguka humo humo. Ikipungua ujue kuna mahali inatoka, na fundi anayekujazia tu bila kutafuta tundu, mwezi ujao atarudi kuchukua hela yako tena."

Akamulika na simu ndani, akanyamaza. Kidole chake kikasimama kwenye bomba. Akamwangalia mume. Mume akaangalia dari.

Fundi akataja bei ya kubadilisha mabomba yote ya ndani: karibu nusu ya bei ya AC. Akaondoka bila kusema zaidi.

Usiku ule wakalala madirisha wazi, mbu na joto, mtoto analia. Saa nane hivi mume akasema, "Ni mimi. Nilitumia kisu."

"Najua."

"Fundi kakwambia?"

"Asubuhi kabla hajaja nilikuwa namenya ndizi. Kisu kimepinda ncha. Kwa nini unadhani sijaenda dukani?"